Virutubisho vya Tumbo na Kufunga Choo kwa Muda Mrefu: Yanayoaminiwa na Yaliyothibitika

Mtu anayefunga choo kwa miezi au miaka huishi na adha ambayo ni vigumu kuisimulia hata kwa mwenzi wake, na ukimya huo ndio unaomfanya awe mteja wa kila kopo lililoandikwa kwamba linatibu tumbo. Hununua la kwanza, akapata nafuu ya wiki moja, tatizo likarudi, akanunua la pili. Makala haya hayapingi virutubisho, kwa kuwa baadhi yake vina ushahidi mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Linalopingwa hapa ni mazoea ya kuviita vyote kwa jina moja, kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ndani ya makopo hayo mna angalau vitu vinne vinavyofanya kazi kwa njia zisizofanana: nyuzinyuzi, chumvi za magnesiamu, mimea inayochochea utumbo kama sanamaki na shubiri, na bakteria hai. Asiyejua amemeza kipi kati ya hivyo hawezi kujua kwa nini kimemsaidia au kimemshinda.

Kwanza ni lazima ijulikane ni nani hasa anayefunga choo. Wengi wamelelewa kuamini kwamba asiyepata choo kila siku ni mgonjwa. Ukweli ni kwamba watu wazima wenye afya hupata choo kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, na kila mmoja ana desturi ya mwili wake. Vigezo vya Roma, ambavyo madaktari wa mfumo wa chakula hutumia na ambavyo toleo lake la nne lilitoka mwaka 2016, haviishii kwenye idadi ya siku. Vinauliza pia kama mtu hujikamua kwa nguvu, kama choo chake ni vigololi vigumu, kama huondoka chooni akihisi hakijaisha, na kama hulazimika kutumia kidole ili kitoke. Na tatizo huitwa la kudumu pale dalili zinapokuwa zimeanza angalau miezi sita kabla na kuendelea katika miezi mitatu ya karibuni. Kwa hiyo anayekwenda kila siku kwa mateso anaweza kuwa na tatizo, na anayekwenda kila baada ya siku mbili bila taabu hana haja ya kununua chochote.

Dhana inayouza makopo mengi kuliko nyingine zote ni ile ya sumu. Muuzaji hueleza kwamba choo kilichokaa kimegandia kwenye kuta za utumbo kwa miaka, kinavujisha sumu kwenye damu, na ndicho kinachosababisha uchovu, chunusi, maumivu ya kichwa na harufu mbaya ya kinywa. Nadharia hii ina zaidi ya miaka mia moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliaminiwa na wanasayansi wakubwa, akiwemo Élie Metchnikoff aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, na huko London daktari bingwa wa upasuaji Arbuthnot Lane alifikia hatua ya kuwakata wagonjwa utumbo mpana kwa sababu ya kufunga choo. Mwaka 1919 daktari wa Marekani, Walter Alvarez, alionyesha udhaifu wa nadharia hiyo kwa hoja nyepesi: dalili hizo huondoka mara tu mtu anapopata choo, na hakuna sumu inayoweza kutoka kwenye damu kwa haraka kiasi hicho. Dalili hizo zinatokana na kutanuka kwa sehemu ya mwisho ya utumbo na ishara ambazo mishipa ya fahamu hupeleka. Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache, hivyo hapana mahali ambapo uchafu wa miaka kumi ungeweza kushikilia. Nyuzi au vipande vya utelezi ambavyo mtu huonyeshwa chooni baada ya kutumia dawa ya kusafisha tumbo mara nyingi ni ile dawa yenyewe, iliyovimba ndani na kutoka.

Kuhusu nyuzinyuzi, Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii, na inasikitisha kwamba wengi wetu hatuijui. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi tangu 1946, aligundua kwamba magonjwa mengi ya utumbo aliyoyazoea Ulaya yalikuwa nadra vijijini alikofanya kazi. Katika makala aliyoichapisha na wenzake mwaka 1972, wanavijiji wa Uganda walikuwa wakitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilisafiri tumboni mwao kwa takriban siku moja na nusu. Mabaharia wa Uingereza walitoa takriban gramu 100, na chakula kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt aliihusisha tofauti hiyo na chakula kisichokobolewa. Leo mkazi wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam anayekula chapati asubuhi, wali mchana na ugali wa sembe usiku amesogea upande wa mabaharia wale, ingawa bado anaishi katika nchi ya wanavijiji wale. Kwa hiyo dhana kwamba kufunga choo ni ugonjwa wa Wazungu haina msingi.

Hata hivyo, kutoka hapo watu hurukia dhana nyingine: kwamba kadiri nyuzinyuzi zinavyozidi ndivyo choo kinavyolainika, na kwamba nyuzinyuzi zote ni sawa. Zile za pumba za ngano hukwaruza utumbo na kuongeza ujazo, na kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wale ambao utumbo wao husukuma polepole, huleta gesi na tumbo kujaa bila nafuu yoyote. Zile za isabgoli, yaani maganda ya mbegu za Plantago ovata yanayolimwa zaidi India na kuuzwa kwa miaka mingi katika maduka ya Wahindi ya miji yetu ya pwani, hushika maji na kuwa utelezi ambao bakteria hawaumalizi, hivyo hufika mwisho wa safari ukiwa bado umebeba maji yake. Hiyo ndiyo sababu isabgoli ndiyo yenye ushahidi ulio imara kuliko nyuzinyuzi nyingine zinazouzwa kama kirutubisho. Mwongozo wa vyama viwili vya madaktari wa mfumo wa chakula wa Marekani wa mwaka 2023 uliitaja hivyo, na mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Lishe cha Uingereza wa mwaka 2025 uliipendekeza pia, huku ukisema kwamba ushauri wa jumla wa kula nyuzinyuzi nyingi, usiotaja ni zipi, hauna ushahidi wa kutosha kwa mtu ambaye tayari ana tatizo la kudumu.

Wengi walioijaribu na kusema haifai waliitumia kijiko kimoja kwa siku tatu. Majaribio yaliyoonyesha faida yalitumia zaidi ya gramu 10 kwa siku kwa angalau wiki nne, kiasi ambacho hufikiwa kwa kuongeza kidogo kidogo ili gesi isimshinde mtu. Kila kipimo kinahitaji glasi nzima ya maji, ya takriban mililita 250, inywewe hapo hapo kabla unga haujavimba. Kuumeza na maji machache, au kuunywa na kwenda kulala, kunaweza kuufanya ukwame kooni au kuziba utumbo. Mwenye shida ya kumeza, au aliyewahi kuambiwa utumbo wake umekuwa mwembamba mahali fulani, asiutumie bila daktari.

Magnesiamu nayo imestahili nafasi yake. Oksidi ya magnesiamu haifyonzwi yote. Inayobaki huvuta maji kuingia ndani ya utumbo, na miongozo yote miwili niliyoitaja inaikubali. Lakini mwenye figo dhaifu hawezi kuitoa ile iliyofyonzwa, nayo ikijikusanya kwenye damu hushusha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Liko pia jambo ambalo nadhani linapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila kopo linalouzwa katika nchi zetu: magnesiamu hujishika na dolutegraviri, dawa iliyomo katika kidonge cha ARV kinachotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU, na kuizuia isifyonzwe vizuri. Anayetumia vyote viwili anatakiwa kumeza ARV saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vina shida kama hiyo vinapomezwa bila chakula. Muuzaji wa virutubisho hamuulizi mteja kuhusu dawa zake, na mteja hamwambii, kwa sababu zinazoeleweka. Ndiyo maana swali hili ni la kumpelekea mfamasia au mhudumu wa kliniki, kwa faragha.

Bakteria hai ndio wanaovuma zaidi siku hizi, na ndio ambao maelezo yao yamevuka mipaka ya ushahidi. Dhana ni kwamba bakteria rafiki wakimezwa huhamia tumboni, wakazaana na kurekebisha mambo moja kwa moja. Wengi wao ni wapita njia: hutoka siku chache au wiki chache baada ya mtu kuacha kuwameza. Faida yao, pale inapopatikana, ni ya aina mahususi na si ya jina la ukoo, hivyo kopo linalosema tu kwamba lina laktobasili (jina la ukoo mzima wa bakteria) bilioni kadhaa halijasema jambo la maana kwa mwenye tatizo hili. Baadhi ya aina zimeongeza kidogo idadi ya safari za chooni, nyingine hazikuzidi kidonge kisicho na dawa, na anayetaka kujaribu akipe kirutubisho hicho wiki nne, akiandika matokeo, kisha aache kama hakuna badiliko. Akumbuke pia kwamba viumbe hai hufa kwa joto, na kopo lililokaa dirishani kwenye jua la Mombasa linaweza kuwa na mizoga mitupu. Mtindi na maziwa lala ni vyakula vizuri na havigharimu hivyo. Vinyweni kama chakula.

Sanamaki na shubiri huuzwa kwa sifa moja: ni vya asili, kwa hiyo havina madhara. Sanamaki ni dawa. Imo katika orodha za hospitali, ina kipimo chake, na hufanya kazi kwa kuchochea misuli ya utumbo na kuuzuia usifyonze maji. Tatizo huanza inapofichwa ndani ya chai ya kupunguza uzito au poda ya kuondoa sumu bila kiasi chake kuandikwa, kwa sababu mnywaji huharisha kila siku, akapoteza maji na potasiamu, na kudhani kwamba anapungua mafuta. Kuhusu shubiri, mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiondoa katika dawa za choo zinazouzwa bila cheti kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Mtu anaweza kushangaa kwamba bado imo katika makopo ya virutubisho kutoka nchi hiyo hiyo. Sababu ni kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimdai mtengenezaji wa virutubisho kupata kibali cha FDA kabla ya kuuza.

Upande wa pili wa imani hiyo ya vitu vya asili kuna dhana inayowaumiza watu zaidi, nayo ni kwamba dawa za hospitali hulemaza utumbo usiweze tena kufanya kazi wenyewe. Makrogoli, poda isiyofyonzwa ambayo hushikilia maji ndani ya choo, ilipewa pendekezo la nguvu katika mwongozo wa Marekani wa 2023, na hutumiwa kwa miezi mingi bila kudhoofisha utumbo. Laktulosi nayo hutumiwa kwa muda mrefu, ingawa huleta gesi. Hata sanamaki yenyewe ikitumiwa kwa kipimo sahihi haijathibitika kuua mishipa ya fahamu ya utumbo. Weusi ambao huonekana kwenye ngozi ya ndani ya utumbo wa waliotumia kwa muda mrefu hauna madhara na hufifia wakiacha. Choo kigumu kinachorudi baada ya kuacha dawa mara nyingi ni ugonjwa ule ule uliokuwepo tangu mwanzo. Mwenye shinikizo la damu haambiwi kwamba dawa imemlemaza kwa sababu shinikizo limepanda alipoiacha, na mwenye tumbo anastahili haki hiyo hiyo.

Maji husaidia aliyepungukiwa maji. Kwa anayekunywa ya kutosha, lita za ziada huishia kwenye mkojo. Choo cha kuchuchumaa hunyoosha njia ya kutokea, na mwenye choo cha kukaa anaweza kupata faida hiyo kwa kuweka kigoda kifupi chini ya miguu. Utumbo husukuma kwa nguvu zaidi asubuhi baada ya kifungua kinywa, na anayeibana haja kila siku kwa sababu ya daladala au choo kibovu cha kazini huuzoesha mwili kunyamaza.

Kisha wapo wale ambao hakuna kopo litakalowafaa hata likiwa bora kiasi gani, kwa sababu chanzo hakimo katika choo. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, dawa za maumivu kama kodeini na tramadoli, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva) na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufunga choo. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango hufunga choo, na kisukari cha muda mrefu pia. Kwa baadhi, misuli ya nyonga ambayo inatakiwa kulegea wakati wa kusukuma hukaza badala yake, na mtu hujikamua dhidi ya mlango aliojifungia mwenyewe bila kujua. Hawa hulainika choo kwa dawa lakini bado hakitoki. Tiba yao ni mafunzo ya kuilegeza misuli hiyo chini ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wengi hutangatanga miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kufikiria kuwapima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, kipimo cha dakika moja.

Anayeona damu kwenye choo, anayepungua uzito bila sababu, aliyeambiwa ana upungufu wa damu, ambaye mzazi au ndugu yake aliugua saratani ya utumbo mpana, au ambaye desturi yake ya choo imebadilika ghafla akiwa amevuka miaka 45, aende hospitali kabla ya kununua kirutubisho chochote, na aende hata kama damu hiyo ameambiwa ni bawasiri, na hata kama choo kimeshaanza kulainika.