Kama hujui kuandika programu, soma hapa

Kila ninapowashawishi watu hapa Lubumbashi wajitolee kwenye programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichungulia ndani na kuzirekebisha, jibu huwa lile lile: "Mimi sikusoma infomatiki." Vizuri sana. Waliosoma tunao, anayekosekana ni wewe unayeitumia programu kutwa nzima.

Na unazitumia tayari. VLC unayoangalizia filamu ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris. LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka na majedwali iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, utaikuta hata kwenye vibanda vya kuchapa memwari (tasnifu) za wanafunzi. Wengi wanaoziandika wako mbali, na intaneti yao haikatiki. Wewe una kompyuta ya mtumba, klavye (kibodi) ya Kifaransa ya AZERTY, fakturi yenye dola na faranga pamoja, na umeme unaozimika ukiwa katikati ya sura ya pili. Kuna hitilafu ambazo hujitokeza katika hali kama hiyo tu. Fundi aliyeko Ulaya hatazijua asipoambiwa.

Basi mwambie, lakini mwambie vizuri. "LibreOffice imeharibika, nisaidieni" haimsaidii mtu. Tuseme jedwali linapotea kila ukihifadhi memwari kama .docx, faili la Word. Fungua menyu ya Aide, ingia À propos de LibreOffice, unakili namba ya toleo. Kisha rudi kwenye Aide hiyo hiyo, uchague Redémarrer en mode sans échec, yaani kuiwasha upya bila mipangilio yako, ujaribu tena. Jedwali lisipopotea safari hii, huenda tatizo liko kwenye mipangilio ya mashine yako, si kwenye programu. Likipotea tena, andika ripoti ya hitilafu: ulichobonyeza, hatua kwa hatua, ulichotarajia, na kilichotokea. Hatua hizo ndizo dhahabu yenyewe: fundi asipoweza kuirudia hitilafu kwenye mashine yake, ni vigumu sana kuitibu.

Usitume memwari ya mteja! Ripoti hizi huwekwa wazi mtandaoni, husomwa na dunia nzima. Tengeneza faili jipya la ukurasa mmoja, lenye majina ya kubuni na jedwali lenye kasoro ile ile.

Kuna pia kutafsiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuifanya OpenOffice izungumze Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Ila kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isiyo na watu huchakaa haraka. Binafsi ningependa Wakongo tuwemo, maana Kiswahili cha menyu kikiandikwa Dar na Nairobi peke yake, dada anayechapa pale Kamalondo, hapa Lubumbashi, atabaki na Kifaransa chake.

Malipo? Hakuna. Wapo wanaolipwa na kampuni kuandika programu hizi, lakini mtoa ripoti kwa kawaida halipwi, na sitakudanganya. Majibu nayo huchelewa, pengine miezi. Kutuma ripoti kunakula mega chache tu, hasa ukiiandika kwanza nje ya mtandao, uibandike ukipata koneksheni. Kabla ya kuituma, tafuta kama kuna aliyekwisha kuilalamikia hitilafu hiyo hiyo. Akiwepo, ongeza maelezo yako chini ya ripoti yake. Fundi akikuuliza swali, mjibu, hata kama jibu lako ni kwamba tatizo limeisha. Ripoti ambayo mwenyewe amekaa kimya huishia kufungwa.