Kituo cha treni hakikuzi mtaa peke yake

Tangu treni ya SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, ianze kubeba abiria Juni 2017, Mombasa wapo wanaoamini kwamba kituo kikishasimama, mtaa hukua wenyewe. Miritini, bara ya Mombasa, kilipo kituo hicho, si hivyo. Treni za masafa marefu huondoka mara chache kwa siku; abiria hushuka na masanduku, wakapanda matatu au tuktuk, wakaenda zao kisiwani. Muuza mahamri anataka wapita njia wa kutwa nzima, si msongamano wa nusu saa.

Wateja hao huletwa na makazi yanayofikika kwa miguu. Mtu hutembea kama mita 80 kwa dakika, basi dakika 10 ni mita 800. Lakini pima njia yenyewe, si ramani: nyumba iliyo mita 300 nyuma ya ukuta usio na kivuko huenda ikawa mwendo wa kilomita 1.5, karibu dakika 19, na kwa jua la Machi nani atathubutu? Ndiyo maana kivuko, taa na miarobaini ya kivuli hutangulia maduka. Mtaro nao huchimbwa kabla ya lami. Ukisahauliwa, masika ya Mei huondoka na njia.

Ardhi ndiyo ngumu zaidi. Bei ikipanda kabla wakazi hawajapata hati, wao ndio huhama kwanza.