Mradi kuisha kabla ya tarehe: yanayosemwa na ukweli wake

Sisi wa Dodoma tumezoea kusubiri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa mwaka 1973 ukapewa miaka 10, na msukumo wa kweli wa kuhamia ukaja 2016. Mkataba wa kwanza wa reli ya SGR kutoka Dar es Salaam ulisainiwa 2017, treni ya abiria ikatufikia 2024. Ndiyo maana fundi akitangaza kwamba jengo limeisha kabla ya siku zake, vigelegele vinapigwa. Nilivipiga na mimi, nikiwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya shule moja pembezoni mwa jiji. Madarasa mawili yalikabidhiwa miezi miwili kabla ya tarehe. Nitaeleza mwishoni yaliyofuata. Kwanza niseme yale ninayoyasikia kila siku kwenye vikao.

Dhana: Kazi iliyoisha mapema ni kazi nzuri.

Ukweli: inategemea siku zimepunguzwa wapi. Tofali, mchanga na nondo vikiwa saiti kabla mafundi hawajafika, hakuna atakayekaa chini ya mbuyu kutwa nzima akisubiri lori. Siku hizo zimeokolewa kwa halali na anayezipanga hivyo anastahili sifa. Ila ziko siku ambazo hazina mwenyewe wa kuzipunguza, na nyingi ni za zege.

Watu husema zege "limekauka". Zege halikauki, linakomaa. Saruji hushikana na maji ikageuka jiwe, na maji yakipotea mapema ushikanaji ule unakatika njiani. Ndiyo maana humwagiliwa kwa angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Siku ya saba huwa lina kama theluthi mbili tu ya nguvu hiyo. Sasa fikiria hapa kwetu kuanzia Juni: upepo mkavu, mawingu hakuna, slabu iliyomwagwa asubuhi inakuwa nyeupe kabla ya adhuhuri. Na mtaa ambao bomba halijafika, maji ni ya boza au ya madumu kwenye guta, kila dumu lina bei yake. Mtu anayekimbiza tarehe huanza kukata hapo hapo, kwenye maji ya kumwagilia, kwa sababu hayaonekani kwenye picha ya makabidhiano. Kisha anang'oa mirunda, miti inayoshikilia zege likikomaa, kabla mhandisi hajaruhusu, kwa vile inahitajika saiti nyingine. Jengo litapakwa rangi, litang'aa, mgeni rasmi atakata utepe. Ufa utakuja baada ya mgeni kuondoka, na hapo hakuna anayekumbuka kuuliza slabu ile ilimwagiliwa siku ngapi.

Kwa hiyo mkandarasi akiniambia amemaliza mapema, namwomba daftari la saiti. Zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, lilimwagwa tarehe ngapi? Mirunda iliondolewa lini? Dakika tano zinatosha kujua.

Dhana: Aliyemaliza mapema lazima amelipua kazi.

Ukweli: huu ni uonevu kwa mafundi waaminifu. Tetemeko la Januari 1994 huko Los Angeles liliangusha madaraja ya barabara kuu ya Santa Monica. Mkataba wa kuyajenga upya ulikuwa wa siku 140, mkandarasi akamaliza kwa siku 66. Alipanga zamu usiku na mchana, kwa kuwa kila siku aliyoiokoa ilikuwa na malipo ya ziada ya dola 200,000. Kasi ile ilinunuliwa, na walioinunua walijua kwa nini: barabara ile ikifungwa, jiji zima linapata hasara kila siku.

Dhana: Siku zikipungua, gharama zinapungua.

Ukweli: mshahara wa mlinzi na kodi ya mashine vitapungua, ndiyo. Malipo ya usiku na ya mafundi wa ziada yatapanda. Kwenye miradi yetu ya fosi akaunti, ambako kamati yenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi, kuna jambo jingine: pesa huja kwa awamu. Ukiitangulia pesa, unachukua saruji dukani kwa mkopo, na bei ya mkopo si bei ya taslimu.

Dhana: Kuitangulia ratiba ni dalili ya umahiri.

Ukweli: itazame ratiba kwanza. Kazi ya miezi miwili ikiandikiwa mitano, kuimaliza kwa minne ni uzembe uliopewa cheti. Na lawama si za fundi peke yake. Akisema kweli kwamba amemaliza mapema, mradi unaofuata tunampunguzia siku. Atajifunza kunyamaza.

Dhana: Jengo likiisha mapema, wananchi wanafaidi mapema.

Ukweli: jengo la Empire State la New York lilianza kusimamishwa Machi 1930, likafunguliwa 1 Mei 1931, kabla ya muda uliopangwa. Uchumi ulikuwa umeporomoka, ofisi nyingi zikakaa tupu kwa miaka. Zahanati isiyo na mganga au darasa lisilo na madawati ni hivyo hivyo. Popo na mchwa hawasubiri ufunguzi.

Sasa yale madarasa yetu. Mkataba uliweka miezi 6 ya matazamio: kasoro ikijitokeza ndani ya muda huo fundi anarudi kurekebisha, na sehemu ya pesa yake tunaizuia mpaka muda uishe. Tarehe ya makabidhiano ilikuwa mwisho wa Julai. Bati zilipigwa mwanzoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekatika, na mwisho wa mwezi huo huo tukapokea funguo kwa furaha. Matazamio yakaisha mwisho wa Novemba. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili. Paa lile lilimaliza matazamio yake yote bila kuguswa na tone, tukamlipa fundi pesa yake iliyobaki, na Desemba likavuja kwenye kofia ya katikati, bati linalofunika mgongo wa paa. Tungepokea Julai kama ilivyopangwa, matazamio yangefika mwisho wa Januari na kazi ya kurekebisha ingekuwa yake. Badala yake wazazi walichangishwa.

Tangu hapo, tunapoandika mkataba nadai matazamio yavuke mvua za kwanza, jengo likabidhiwe mwezi wowote. Fundi wa kwanza alikataa akaondoka. Wa pili aliomba pesa inayozuiwa ipunguzwe kidogo, tukapunguza, akasaini.