Usugu wa dawa katika maambukizi ya hospitalini: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote hapa Uganda ni kwamba mwili wa mgonjwa ndio unaozoea dawa. Kinachopata usugu ni bakteria, si mwili. Ndiyo maana mtu ambaye hajameza antibiotiki kwa miaka mingi anaweza kulazwa kwa kuvunjika mguu, kisha akapata bakteria sugu wodini kupitia mikono isiyooshwa au mpira wa mkojo uliokaa siku nyingi mno.

Wengine huamini kwamba kila maambukizi yanayogunduliwa hospitalini yametokea humo. Sivyo. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya hospitali yale yanayoanza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, ilhali kidonda cha upasuaji hufuatiliwa kwa siku 30, hata mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kwao. Kwa hiyo nafasi ya tarehe ya kulazwa kwenye fomu ya maabara, ambayo mara nyingi huachwa tupu kwa sababu ya haraka, ndiyo hasa inayotenganisha mambo haya mawili, na bila hiyo jibu sahihi kabisa la maabara haliwezi kutueleza bakteria walitoka wapi.

Husemwa pia kwamba daktari mzoefu hahitaji kuotesha vimelea, maana seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, itatosha. Uzoefu nauheshimu, lakini macho hayaoni usugu. Maabara hupaka bakteria kwenye sahani yenye chakula chao, huweka juu yake vidonge vya karatasi vyenye dawa, na baada ya saa 16 hadi 18 katika joto la nyuzi 35 fundi hupima kwa rula, kwa milimita, duara ambalo halikuota kitu. Bakteria wakiwa wameota mpaka ukingoni mwa kidonge, dawa hiyo haiwafai kitu. Sampuli ya damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, la sivyo sahani inaweza kubaki tupu ilhali mgonjwa bado anaumwa.

Takwimu nazo husomwa vibaya. Wodi inayopima wale tu walioshindwa kupona itaonekana kuwa na usugu mkubwa kuliko ulivyo, na mgonjwa aliyepimwa mara nne akihesabiwa mara nne hupotosha hesabu. Ni mara ya kwanza tu inayohesabiwa, na asilimia inayotokana na vimelea chini ya 30 haitegemeki.

Tangu 2018 Uganda ina mpango wa taifa wa kukabili usugu, na wapo wanaodhani kwamba ripoti za takwimu hizi ni za wizara na Shirika la Afya Duniani kule Geneva tu. Wa kwanza kuzihitaji ni muuguzi wa wodi. Watoto wachanga watatu wakipata bakteria aitwaye Klebsiella mwenye usugu wa aina moja katika wiki moja, kabla ya kutafuta dawa kali zaidi aangalie sinki, mashine ya kufyonza makamasi, na chupa ya dripu iliyofunguliwa ikagawiwa watoto kadhaa.