Je, wajua kwa nini jiko la peleti huzimika umeme ukikatika?

Ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wamehamia Portland na Lewiston, katika jimbo la Maine huko Marekani. Katika nyumba nyingi za jimbo hilo kuna jiko ambalo kwao ni geni: kabati la chuma lenye kioo mbele, limekaa sebuleni, kazi yake kupasha nyumba joto. Chakula chake ni peleti, yaani vijiti vya mbao iliyoshindiliwa, vyembamba kama penseli na vifupi kama pingili ya kidole. Siku ya theluji umeme ukikatika, moto nao unakufa, ilhali tangi la jiko limejaa peleti. Moto wa kuni na nyaya za umeme wapi na wapi?

Tuanze na peleti yenyewe. Vumbi la mbao kutoka viwandani hukaushwa, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa kupita kwenye matundu ya chuma yenye upana wa milimita 6 hivi. Msuguano huleta joto, na joto hulainisha lignini, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti. Ikipoa, inashika kila kitu bila gundi ya dukani. Kinachotoka ni kigumu na kikavu: maji yake hayafiki asilimia 10, wakati gogo lililokatwa leo huweza kuwa karibu nusu maji.

Ugumu huo una faida na una gharama. Ukipanga magogo matatu, hewa hujipitia yenyewe katikati. Peleti zikirundikana hubanana kama maharage kwenye sufuria, na zisiposukumiwa hewa hufuka moshi tu. Aliyewahi kuwasha jiko la mkaa anajua kazi ya kupepea. Hapa anayepepea ni feni ya umeme.

Anayechochea kuni pia ni umeme. Chini ya tangi kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota: inageuka kidogo, inapumzika, inageuka tena, ikidondosha peleti chache kwenye kikombe cha moto. Kiwashio cha umeme huwasha zile za kwanza, na feni nyingine hupuliza joto chumbani. Kwa kuwa moto hulishwa kidogo kidogo, na kwa hewa ya kipimo, unaungua safi na kuacha majivu machache sana. Mfuko mmoja wa kilo 18 unaweza kutosha siku nzima ya baridi.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni moshi. Katika jiko la magogo, moshi wa moto sana hupanda dohani wenyewe. Jiko la peleti hunyonya joto kubwa kutoka kwenye moshi kabla ya kuutoa, kwa hiyo moshi unatoka umepoa na umekosa nguvu ya kupanda. Feni ndiyo inayousukuma nje, na ndiyo maana bomba linaweza kuwa jembamba na kutokea ukutani. Umeme ukikatika, peleti zilizobaki zinaendelea kufuka na hakuna wa kuutoa moshi huo. Moshi unaweza kurudi ndani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Fundi anayejali ataziba kila kiungo cha bomba na kulipandisha wima kiasi, ili moshi wa mwisho uwe na njia ya kupanda. Akikuambia bomba fupi la kulala linatosha, mwombe mfungue pamoja kitabu cha jiko, msome kinasemaje.

Hofu hii si ya kubuni. Januari 1998 dhoruba ya barafu iliangusha nyaya za Maine, zaidi ya nusu ya wakazi wakakosa umeme, wengine kwa wiki mbili na zaidi. Kwa hiyo anayefunga jiko hili apange pia betri yenye inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani. Kiwashio hula wati 300 hadi 400 kwa dakika chache, lakini jiko likishashika moto hutumia kama wati 100 au chini yake, mzigo ambao betri nzuri huubeba kwa saa kadhaa. Watu wa Rwanda wanaweza kuyakumbuka majiko madogo ya kupikia kwa peleti yaliyosambazwa huko: feni yake ilikuwa na betri ya kuchajiwa.

Peleti zihifadhiwe pakavu, maana zikilowa huvimba na kurudi kuwa vumbi linaloziba parafujo. Kikombe cha moto kikwanguliwe majivu kila siku.

Na usiku ule jiko limezimika na watoto wanatetemeka, usiingize jiko la mkaa ndani. Vaeni makoti, lundikaneni chumba kimoja, au nendeni kwa jirani mwenye jiko la magogo. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwe cha betri, kifungwe karibu na vyumba vya kulala.