Kura ya madiwani Wales: yanayosemwa na yalivyo

"Mgeni hapigi kura." Hii ndiyo inayosikika zaidi, na ndiyo inayowanyima watu haki yao. Sheria ya 2021 ilifungua mlango: mkazi wa Wales mwenye kibali halali cha kuishi nchini anachagua diwani, awe Mrundi, Mkongomani au Mwomani. Si lazima awe raia wa Uingereza wala wa nchi ya Jumuiya ya Madola. Umri ni miaka 16, na kuanzia 18 hata kugombea inawezekana. Kinachowakwamisha wengi ni daftari la wapigakura. Usipojiandikisha mapema, siku ya kura hakuna wa kukusaidia.

"Bila kitambulisho chenye picha utarudishwa." Hayo ni ya kura kama ile ya wabunge wa Bunge la Uingereza kule London. Sheria ya vitambulisho ya 2022 haikugusa kura ya madiwani wa Wales.

"Diwani ni diwani." Hapa ndipo penye mkanganyiko hasa. Chukua Machynlleth, mji wa soko la Jumatano wenye watu kama elfu mbili. Una baraza lake la mji, lakini shule, uzoaji taka na huduma za wazee viko mikononi mwa halmashauri ya Powys, kaunti inayochukua karibu robo ya eneo la Wales. Mabaraza ya miji kwa kawaida hushughulikia viwanja vya watoto, makaburi, kumbi na mabenchi. Ukimlaumu diwani wa mji kwa taka zisizozolewa, unamwonea bure. Kwa hiyo unaweza kupewa karatasi mbili za kura. Ile ya mji, kama viti ni vinne, unaweka alama hadi nne. Ukiweka ya tano umeiharibu.

Meya, naye, hachaguliwi na wananchi. Madiwani wa mji humteua wenyewe.

"Bila chama hupati kitu." Mtanzania ataamini hivyo, maana kwao mgombea binafsi haruhusiwi. Powys, kwa miaka mingi, wasio na chama ndio waliokuwa kundi kubwa zaidi.

"Lazima kura ipigwe." Wagombea wasipozidi viti, wote hupita bila kupingwa, na viti vinavyobaki wazi baraza la mji hujaza kwa uteuzi. Nionavyo mimi, hilo ndilo la kusikitisha kuliko yote.

Uchaguzi ujao ni Mei 2027. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku.