Kumwachia kobe bwawani si kumrudisha kwao

Wengi huamini kwamba kobe wa kufugwa aliyewashinda kumtunza, wakimwachia bwawani, wamemrudisha kwao. Kwao wapi? Kobe ninayemsema hapa ni yule wa majini mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, Trachemys scripta elegans; asili yake ni bonde la mto Mississippi, Marekani, na kaskazini mwa Meksiko. Kwingineko ni mgeni, tena mgeni mbabe.

Huuzwa akiwa mdogo kama sarafu, na mnunuzi hudhani atabaki hivyo. Gamba lake huweza kukaribia sentimita 30, na huishi miongo kadhaa.

Madhara yake si kula viluwiluwi, konokono na mimea tu; hunyang'anya pia nafasi ya kuota jua. Kobe ni mnyama wa damu baridi. Asipoota jua, hata chakula tumboni hakimeng'enywi vizuri. Barani Ulaya mgeni huyu hutwaa magogo mazuri ya kuotea jua, na kobe mwenyeji, Emys orbicularis, aliye mdogo kuliko yeye, husukumwa pembeni. Mgeni anaweza pia kumwambukiza mwenyeji vimelea vigeni.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kumwingiza mwaka 1997, ila waliokwisha kuachiwa bado wamo majini. Aliyechoka kumfuga amtafutie kituo cha kutunzia wanyama.